Tafsiri ya kompyuta kutoka Kiamhari kwenda lugha ya alama

Tafsiri ya kompyuta kutoka Kiamhari kwenda Lugha ya Alama ya Ethiopia ni matumizi ya programu zinazosoma maandishi ya Kiamhari na kuyaonyesha kwa ishara, mara nyingi kupitia kikaragosi kinachosogeza mikono kwenye skrini.

Lugha ya Alama ya Ethiopia ina sarufi yake yenyewe, hivyo haitoshi kutafsiri neno kwa neno. Aidha, neno la Kiamhari hubeba viambishi vingi kama la Kiswahili: *almetam* ni "hakuja". Programu hutenganisha kwanza mzizi, mtendaji, wakati na ukanushi, kisha hutafuta ishara zinazofaa.

Majina yasiyo na ishara huandikwa kwa vidole. Mwandiko wa Kiamhari ni wa silabi. Kwa hiyo umbo la mkono huonyesha konsonanti, na mwendo wake huonyesha mojawapo ya irabu 7.

Ugumu mkubwa ni uchache wa video za ishara zilizoandaliwa kwa ajili ya kompyuta. Tena, ukanushi ukipotea maana hugeuka: "usinywe dawa hii" huwa "kunywa". Kwa sababu hiyo, hospitalini na mahakamani viziwi bado wanahitaji mkalimani.