Mzazi ana kazi gani mtoto anapojifunza ala ya muziki?

SI ajabu kuingia sebuleni mwa jamaa au rafiki na kuona gitaa lililokatika nyuzi likiwa limeegemezwa ukutani, au kinanda kilichofunikwa kitambaa na kugeuzwa mahali pa kuwekea picha za familia. Vifaa hivyo aghalabu ni kumbukumbu ya mafunzo yaliyoanza kwa shangwe na kukoma kimyakimya. Mzazi aligharamika, mwalimu akatafutwa, mtoto akachangamka kwa majuma machache, kisha mazoezi yakawa ya kusukumana hadi kila mmoja akachoka.

Hali hiyo inapotokea, lawama humwangukia mtoto. Huambiwa kuwa ni mvivu au hana kipaji, na huenda akaibeba hukumu hiyo hadi utu uzimani. Hata hivyo, ushahidi uliopo waonyesha kuwa jinsi mzazi anavyoshiriki, na hasa wakati anaoshiriki, huchangia pakubwa kufaulu au kushindwa kwa mtoto.

Mnamo 1996, watafiti Jane Davidson, Michael Howe, Derek Moore na John Sloboda walichapisha nchini Uingereza matokeo ya uchunguzi wao kuhusu watoto 257 waliokuwa wamejifunza ala za muziki. Waligundua kwamba watoto waliofanikiwa zaidi walikuwa na wazazi waliojihusisha kwa karibu na masomo pamoja na mazoezi ya wanao katika hatua za mwanzo kabisa. Watoto hao walipofika ujanani, walianza kujisukuma wenyewe, nao wazazi wakarudi nyuma polepole. Kwa wale ambao hawakupiga hatua kubwa, mambo yalikwenda kinyume: wazazi walijitenga mwanzoni, kisha wakazidisha shinikizo mtoto alipokuwa kijana.

Waliosema samaki mkunje angali mbichi hawakukosea. Mzazi anayeketi na mwanawe wa miaka saba kwa dakika chache kila jioni humjengea mazoea. Anayengoja hadi mtoto atimu miaka kumi na minne ndipo aanze kufoka kuhusu karo iliyopotea, huwa amechelewa.

Funzo kutoka kwa lugha ya mama

Shinichi Suzuki, mwalimu wa fidla aliyezaliwa mjini Nagoya, Japani, mwaka wa 1898, alijenga mbinu yake ya kufunza juu ya jambo ambalo kila mtu huliona lakini wachache hulitafakari. Watoto wa Japani wote huzungumza Kijapani. Hujifunza lugha hiyo ngumu kwa kusikia, kuiga, kurudia na kutiwa moyo na wazazi wao. Suzuki alijiuliza ni kwa nini muziki usifunzwe vivyo hivyo.

Katika mbinu yake, mzazi huhudhuria vipindi, huandika maagizo ya mwalimu na kusimamia mazoezi nyumbani. Mara nyingi hata hujifunza kupiga wimbo mmoja mwepesi kabla ya mtoto kukabidhiwa ala. Mtoto naye husikilizishwa kila siku nyimbo atakazojifunza, kama asikiavyo maneno kabla ya kuyatamka.

Si lazima mzazi wa Kenya aifuate mbinu hiyo yote ndipo anufaike na wazo lake. Mtoto anayekulia Mombasa haulizwi kama ana kipaji cha Kiswahili. Hukisikia, hukizungumza, hukosea, husahihishwa na kuendelea. Muziki ukisikika nyumbani kila siku, nao huacha kuwa somo geni la siku ya Jumamosi.

Kuchagua ala

Ala ifae mwili wa mtoto. Fidla hutengenezwa kwa vipimo mbalimbali: kamili, robo tatu, nusu, robo na hata ndogo zaidi. Magitaa vilevile yana vipimo vya watoto. Mtoto akipewa ala kubwa kumliko, mabega na viganja vitamuuma, na maumivu hayo yatadhaniwa kuwa uvivu. Kwa tarumbeta na ala nyingine za kupuliza za shaba, walimu wengi hupendelea kungoja hadi meno ya mbele ya utu uzima yaote.

Piano kamili ina vibonyezo 88, lakini anayeanza anaweza kutumia kinanda cha umeme chenye 61. Rikoda, ile filimbi ya plastiki inayotumiwa kufunzia muziki katika shule nyingi za msingi, ni nafuu, hubebeka na humfunza mtoto kusoma noti, kupumua kwa mpango na kutumia vidole vya mikono yote miwili.

Kabla ya kulipa, mwombe mwalimu aikague ala. Gitaa ambalo nyuzi zake zimeinuka mno juu ya shingo huchubua vidole na kumkatisha mtoto tamaa. Ikiwezekana, azima au kodisha kwa muhula mmoja. Baada ya kununua, usiiache ndani ya gari lililoanikwa juani, kwa kuwa joto hufungua gundi na kupinda mbao. Wanaoishi pwani wapanguse nyuzi kila baada ya mazoezi, maana hewa ya chumvi hualika kutu.

Muhimu pia ni namna mzazi anavyozungumza na mtoto kabla ya kuanza. Nchini Australia, mtafiti Gary McPherson aliwauliza watoto ambao hawakuwa wameanza masomo walidhani watapiga ala zao kwa muda gani. Waliojiona wakipiga kwa miaka mingi walisonga mbele kuliko waliotarajia kupiga kwa muda mfupi, hata pale ambapo kiasi cha mazoezi kilikaribiana. Mzazi anayesema "tujaribu kidogo tuone kama utaweza" humwekea mtoto mlango wa kutokea kabla hajaingia.

Hata ukosefu wa fedha si kizuizi kisichovukika. Mradi wa Ghetto Classics, ulioanzia mtaa wa Korogocho jijini Nairobi, umewafunza ala za okestra watoto wengi ambao familia zao zisingeweza kuzinunua. Shule, makanisa na vikundi vya kijamii vyenye ala za pamoja ni mahali pema pa kuanzia.

Dakika chache kila siku

Bandu bandu huisha gogo. Kwa mtoto wa miaka sita hadi minane, dakika kumi au kumi na tano kila siku hufaa kuliko saa mbili za Jumamosi. Vidole hukumbuka kilichorudiwa mara kwa mara, na husahau kilichofanywa kwa pupa mara moja kwa juma.

Teua wakati usiobadilika, mathalani baada ya chai ya jioni na kabla ya kazi ya ziada ya shule. Weka ala mahali inapoonekana na kufikika kwa urahisi. Gitaa lililofungiwa kwenye mkoba chini ya kitanda halimkumbushi mtoto lolote.

Mtoto akikwama, asirudie wimbo wote kuanzia mwanzo. Achukue kipande kidogo kinachomsumbua, akipige polepole mara kadhaa, kisha akiunge na kilichotangulia. Kwa rikoda, mlio mkali unaoudhi masikio aghalabu husababishwa na mambo mawili: kupuliza kwa nguvu kupita kiasi na tundu ambalo halikuzibwa sawasawa. Mzazi anayefahamu hilo ataacha kusema "punguza kelele" na badala yake atasema "puliza taratibu, tazama kidole chako".

Swali "umefanya mazoezi?" hualika jibu la uongo. Afadhali kusema: "Hebu nipigie kile kipande ulichofunzwa juzi." Sifa nazo ziwe mahususi. "Leo hukusita pale ulipokuwa ukisita jana" ni kauli inayomjulisha mtoto kuwa alisikilizwa. Mwishowe aachiwe wimbo mmoja aupendao, apige apendavyo.

Wanaoishi katika nyumba za kupanga wana changamoto ya majirani. Ni busara kuwaarifu mapema na kukubaliana saa. Vinanda vingi vya umeme hutumika kwa vipokea sauti vya masikioni, na mazoezi ya ngoma yanaweza kufanyiwa juu ya kipande cha mpira.

Mzazi asiyejua noti

Wazazi wengi hudai hawawezi kusaidia kwa kuwa hawakusomea muziki. Ilhali baadhi yao wameimba kwaya kwa miaka na wanazisoma solfa bila taabu. Anayeweza kuimba do, re, mi anaweza kumwimbia mtoto sauti na kumwacha aitafute kwenye ala.

Asiyejua hata hayo ana masikio na mikono. Anaweza kupiga makofi kwa mwendo usiobadilika mtoto akipiga ala. Anaweza kutambua kuwa wimbo hukatikia palepale kila siku, akamwandikia mwalimu. Anaweza pia kumwomba mtoto amfunze. Mtoto anayemweleza mamake mahali pa kuweka kidole hulazimika kulifahamu jambo hilo barabara.

Mwalimu naye asiachiwe kila kitu. Hudhuria vipindi vya kwanza, omba kazi ya juma iandikwe daftarini, na uhakikishe kuwa mafunzo yanafanyiwa mahali pa wazi ambapo mtu mzima mwingine anaweza kuingia wakati wowote. Mwalimu mwema hatakerwa na sharti hilo.

Ala za kwetu

Mijadala ya ala huegemea mno piano na gitaa, kana kwamba nchi hii haikuwa na muziki kabla ya ala hizo. Nyatiti ya Waluo ina nyuzi nane, na mpigaji huongeza mapigo kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu. Ipo orutu yenye uzi mmoja, litungu ya Wabukusu, obokano ya Wakisii, na kayamba na zumari za pwani. Kijadi, ujuzi wa ala hizi ulipatikana kwa kuketi kando ya mpigaji, kusikiliza na kuiga, yaani njia ileile ambayo Suzuki aliisifu.

Njia hiyo inazibika. Mwaka wa 2014, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliiweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho, inayopigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Sababu mojawapo ni kwamba wengi wa wajuzi wake ni wazee, na vijana hawajitokezi vya kutosha kuwarithi. Mzazi mwenye mjomba au babu mpigaji ana mwalimu ambaye hatapatikana baadaye. Likizo ijayo ni wakati mwafaka wa kumpeleka mtoto.

Mitihani na mashindano

Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka wa 1927, limekuwa jukwaa la wanafunzi wa vizazi vingi. Mtaala wa Umilisi (CBC) nao umeitenga sanaa na sayansi ya michezo kuwa mojawapo ya mikondo mitatu ya shule za upili za daraja la juu. Hivyo, muziki una nafasi ya haki katika safari ya elimu.

Hata hivyo, mtoto anayepiga nyimbo tatu za mtihani mwaka mzima huenda akapata alama nzuri na kuichukia ala. Mtihani uwe kipimo cha njiani. Mtoto apewe pia nafasi ya kumpigia nyanya yake, kuisindikiza kwaya, au kutumbuiza kwenye siku ya kuzaliwa ya ndugu yake.

Anapotaka kuacha

Karibu kila mtoto hufika siku ya kusema hataki tena. Mzazi asiamue siku ya machozi. Achunguze kwanza: Je, mwili unauma? Wimbo umemzidi kimo? Ameaibishwa na mwalimu au wenzake? Ratiba ya shule imembana? Kila sababu ina dawa yake. Wapo waliochoshwa na piano wakachanua kwenye ngoma, na wapo waliohitaji tu kubadilishiwa mwalimu.

Mwafaka wa kumaliza muhula kabla ya kukata kauli huwapa wote nafasi ya kutulia. Mazoezi yasifanywe adhabu, wala ala isinyakuliwe mtoto anapokosea mambo mengine. Ikibidi aache, aache bila kutukanwa, ili siku akitaka kurejea asiogope.

Mtoto akishakuwa kijana, mzazi apunguze usimamizi. Amwachie kuchagua nyimbo, hata zisizompendeza yeye, na kujiunga na bendi ya shule au ya kanisa. Kazi inayobaki ni ya kununua nyuzi mpya, kulipa nauli na kuhudhuria maonyesho. Kwa mwenye mtoto mdogo, kazi ni nyingine: jioni ya leo avute kiti, azime televisheni kwa dakika kumi, na amsikilize mwanawe akipiga.