Garimoshi Lisilo na Moshi



Mhariri ameniomba niandike jambo la historia litakalowafaa wazee na vijana pamoja. Nimechagua historia ya kichwa cha treni kinachokwenda kwa umeme. Najua wapo watakaouliza: Karatu na treni wapi na wapi? Kutoka Makuyuni mpaka lango la Ngorongoro hakuna hata kipande kimoja cha reli. Hata hivyo, nyuma ya nyumba yangu hapa Karatu ipo reli ya mita 20, na juu yake hupita kichwa kidogo cha umeme anachokipanda mjukuu wangu wa miaka 6. Kazi ya kukiunda imenifunza historia ambayo darasani hatukuigusa, nami naona si haki kukaa nayo peke yangu.

Kwanza tutazame reli zetu wenyewe. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Ilikwenda kwa kusuasua, kwa jasho la babu zetu, ikafika Moshi mwaka 1911. Waingereza wakairefusha hadi Arusha mwaka 1929, na hapo ikakoma. Upande wetu wa magharibi haikuvuka. Reli hiyo, sawa na ile ya Kati, ina upana wa milimita 1,000 baina ya chuma na chuma. TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ina upana wa milimita 1,067. Katika reli hizo vichwa vilikuwa vya mvuke au vya dizeli, kwa hiyo jina la garimoshi liliwastahili kabisa.

Mwaka 2024 mambo yalibadilika. Tarehe 14 Juni treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na tarehe 25 Julai ikafika Dodoma. Reli yake ina upana wa milimita 1,435, umeme wake ni wa volti 25,000 kutoka nyaya za juu, na mwendo wake hufikia kilomita 160 kwa saa. Mjukuu wangu aliipanda pamoja na mama yake. Aliporudi Karatu alinijia na maswali mawili: "Babu, kama halina moshi, kwa nini linaitwa garimoshi? Na nani analisukuma?" La kwanza ni la lugha, tulilimaliza upesi. La pili halikutaka maneno. Mtoto alitaka kuona kwa macho.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Wengi wetu hudhani kwamba treni kubwa ndiyo asili, na ile ndogo ni mwigo wake wa kuchezea watoto. Kwa treni ya umeme ilikuwa kinyume. Katika miaka ya 1830 mhunzi mmoja wa Vermont, Marekani, jina lake Thomas Davenport, aliunda mota na kuiendesha juu ya kijireli cha duara. Mtu huyo hakuwa profesa. Alikuwa mfua vyuma. Mwaka 1842 Robert Davidson wa Aberdeen, Scotland, alijaribu kichwa kikubwa cha betri katika reli ya Edinburgh na Glasgow, kikaenda kiasi cha kilomita 6 kwa saa. Lakini betri za siku zile zilikula zinki jinsi jiko linavyokula kuni, na zinki ilikuwa ghali mno kuliko makaa ya mawe. Jaribio likaachwa. Mota ilikuwapo tayari. Kilichokosekana ni umeme wa bei nafuu.

Jibu lilipatikana Berlin. Tarehe 31 Mei 1879, katika maonyesho ya viwanda, Werner von Siemens alionyesha kichwa cha umeme kilichovuta vibehewa vitatu juu ya reli ya duara ya mita 300. Umeme ulizalishwa na mashine iliyozungushwa kwa mvuke, ukaletwa kwa chuma cha tatu kilicholazwa katikati ya reli. Volti zilikuwa 150 na mwendo kiasi cha kilomita 7 kwa saa. Yafaa sasa msikie upana wa reli ile: milimita 490 tu! Dereva alikaa juu ya kichwa chenyewe kama mtu aliyepanda punda. Katika miezi minne watu zaidi ya 80,000 walikipanda. Miaka 2 baadaye, mwaka 1881, tramu ya umeme ilianza kazi Lichterfelde, karibu na Berlin. Basi treni yetu ya Dodoma ni mjukuu wa chombo kidogo cha kupandwa.

Nilipolijua hilo sikuona tena kwamba naunda kitu cha mchezo. Nchi yetu ya Karatu haina reli, lakini ina magari ya watalii yanayopanda Ngorongoro kila siku, na gereji zetu zimejaa vyuma vyake. Nilichukua mota mbili za waipa za magari makuukuu, moja kwa kila ekseli. Mota ya waipa ni chombo cha ajabu: ndani yake mna giya ya parafujo inayopunguza mbio na kuongeza nguvu, na ina mwendo wa aina mbili, wa polepole na wa haraka. Kwa hiyo swichi ya waipa ndiyo mkono wa dereva. Tena, ukikata umeme giya hiyo haikubali kuzungushwa na magurudumu, na kichwa husimama. Mota nyingi za aina hii hurudisha umeme kwa njia ya bodi yake, kwa sababu hiyo nimezikalisha juu ya ubao, zisiguse chuma. Umeme hutoka katika betri moja ya volti 12 inayochajiwa na jua. Betri iliyomshinda Davidson ndiyo inayotufaa sisi, kwa kuwa ya leo huchajiwa tena. Volti 12 hazimrushi mtoto, ila waya zikigusana huweza kuwasha moto. Hivyo fyuzi ipo karibu kabisa na betri.

Magurudumu yalikerezwa Arusha, kipenyo sentimita 15, na reli yangu ina upana wa milimita 184, kipimo kinachopendwa na mafundi wa reli za bustani huko Uingereza. Minyororo ni ya baiskeli. Mwendo hauzidi ule wa mtu anayetembea polepole. Kila gurudumu ni nene kidogo upande wa ndani kuliko wa nje. Treni inapopinda husogea kidogo upande wa nje. Gurudumu la nje likakanyagia sehemu yake nene, la ndani sehemu yake nyembamba, na ekseli moja ngumu hupita kona bila kuburuza. Treni ya Dodoma nayo hupinda kwa kanuni hiyo hiyo.

Jirani zangu walisema mzee anapoteza pesa kwa mchezo wa mtoto. Siwalaumu. Lakini wakati wa likizo alikuja kijana wa kidato cha nne wa shule yetu. Alijua kanuni ya mkono wa kushoto kwa ghibu, aliitamka bila kukwama, ila hakuwa amewahi kufungua mota. Nilimpa bisibisi. Alipoziona sumaku, nyaya zilizosokotwa na brashi zikigusa shaba, alinyamaza kitambo, kisha akaanza kumweleza mjukuu wangu nani analisukuma gari. Mtoto alielewa. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitutaka tusitenganishe kitabu na kazi. Kanuni bila bisibisi ni nusu ya elimu, na nusu hiyo haitatupatia mafundi wa kutunza treni tulizozinunua.

Kwa hiyo ninayo haja moja. Michoro yangu nimeshamkabidhi mwalimu wa fizikia. Tutakapokutana tena shuleni, kila mhitimu na aje na mota moja mbovu, iwe ya waipa, ya feni au ya pampu. Tuziweke mezani katika karakana, pamoja na bisibisi za kutosha, kisha sisi wazee tukae pembeni tuwaachie vijana wazifungue.