Garimoshi la mfano likisitasita: anza na reli, si mota

Reli ya zamani ya Mombasa hadi Nairobi hupanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600. Katika kaunti ya Makueni hupita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud. Kitui, ng'ambo ya Mto Athi, haikufika. Kazi nzito ya njia hiyo ilifanywa na injini za mvuke aina ya Garratt, daraja la 59. Zilikuwa 34, zimeundwa na Beyer, Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja tani 250 hivi, na zikapewa majina ya milima. Moja, 5918 Mount Gelai, ingalipo katika Makumbusho ya Reli, Nairobi.

Injini hizo zilipanda zikiwa na mzigo, tena taratibu. Kwa hiyo mfano wake mdogo usioweza kutambaa haujafanana nazo. Wengi wakiona mfano wa stima unasitasita, hukimbilia kununua mota mpya. Mimi naona hizo ni pesa za bure mpaka umejua kasoro iko wapi. Mwendo wa kasi huificha. Wa polepole huianika.

Uchunguzi wangu huanza na swali moja: inakwama wapi?

Ikikwama mahali pale pale pa reli kila mzunguko, kasoro ni ya reli. Tazama kiungo kilicholegea au reli iliyoinuka.

Ikikwama ovyo, mara hapa mara pale, shuku uchafu. Stima huingia kupitia magurudumu, na huku kwetu pwani hewa ya chumvi na vumbi haviishi. Futa reli na magurudumu kwa kitambaa chenye spiriti. Usitumie msasa: huacha mikwaruzo inayokusanya uchafu upesi zaidi. Kisha angalia kama vibati vinavyopokea stima vinagusa kila gurudumu.

Ikisita mara moja kila gurudumu linapozunguka, kasoro ni ya chuma. Tia alama ya chaki kwenye gurudumu uone ni pembe gani. Pini za upande wa kushoto na wa kulia hupishana kwa nyuzi 90. Gurudumu likiteleza kwenye ekseli, fito zinazounganisha magurudumu hubana. Fungua fito, uendeshe tena. Ikilainika, umeipata.

Garratt ina seti mbili za magurudumu. Mfano wake ukiwa na mota mbili, jaribu kila moja peke yake: zisipolingana, moja husukuma na nyingine huburuta. Lakini usihukumu kwa sauti. Katika injini halisi ya silinda mbili, moshi hupumua mara nne kila mzunguko. Garratt ina silinda nne, na pumzi za seti zake mbili hukutana na kuachana. Hilo si ugonjwa.

Mwisho ndipo uiguse mota. Iunganishe moja kwa moja na nyaya mbili. Ikizunguka laini, iache. Tia tone dogo la mafuta kwenye ekseli na gia, uiendeshe nusu saa mbele na nusu saa nyuma bila mabehewa. Ikishatambaa bila kusita, fungasha mzigo.