Mazombi hawaishi, misukule wana majina

Nimekuwa kimya kidogo, kazi za gazeti zilinibana. Wiki iliyopita zilinifikisha Katoro, Geita. Jioni, stori ikiwa imeshatumwa, nikajitosa kwenye kibanda umiza kimoja karibu na stendi. Walikuwa wanaonyesha filamu ya mazombi, ile aina ambayo dunia imekwisha na wamebaki watu saba na bunduki zao. Shujaa anaua, anaua, risasi zinamwishia, mazombi bado wanamiminika tu. Kijana mmoja mbele yangu, vumbi la karasha bado limo kichwani, akauliza kwa sauti: "Hivi wote hawa wanatoka wapi?" Watu wakacheka. Mimi niliondoka na lile swali.

Haya, chukua kalamu. Zombi mmoja anauma watu wawili kwa siku, na kila aliyeumwa naye kesho yake anauma wawili. Idadi inakuwa mara tatu kila siku. Siku ya 10 wako 59,049. Siku ya 15 wamepita milioni 14. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, kwa hiyo siku ya 17 tumekwisha wote, Bara na Visiwani. Msidhani nachekesha: mwaka 2009 wanahisabati wa Kanada, akiwemo mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Ottawa, walikaa chini wakapiga hesabu hizi kwa kanuni zile zile za magonjwa ya kuambukiza. Jibu lao ni kwamba binadamu haponi asipowashambulia mapema na kwa nguvu.

Kwa hiyo zombi wa filamu haishi kwa sababu kila mtu unayempoteza upande wako anahamia upande wake. Na hana jina. Humjui, hukumzika, unampiga risasi unasonga mbele.

Lakini zombi wa mwanzo hakuwa hivyo. Ametoka Haiti, nchi ya mashamba ya miwa ambako watumwa wa Kiafrika walifanyishwa kazi hadi mapinduzi ya 1791 hadi 1804. Zombi wao hakuuma mtu. Alikuwa marehemu aliyeamshwa ili afanye kazi bila mshahara, yaani utumwa unaoendelea hata baada ya kifo. Filamu ya Kimarekani ya 1932, White Zombie, bado inawaonyesha wakisukuma kinu cha miwa. Ni George Romero, mwaka 1968, aliyemwondoa bwana shamba na kuwapa wafu njaa ya nyama. Hapo ndipo hesabu ya mara tatu ilipopata nafasi.

Sasa rudi kwetu. Msomaji wa Shinyanga ameshajua ninakokwenda: msukule. Huyu ni ndugu wa karibu kabisa wa yule wa Haiti. Anasemekana amefariki, kumbe "amechukuliwa", na usiku analima shamba la mtu au anachimba kwenye duara la tajiri. Mwenye duara akipata dhahabu wakati majirani wanatoa mawe matupu, hukosi kusikia kwamba ana watu wake wa usiku. Leo wako watatu, mwezi ujao kumi, na hakuna aliyewahi kuwaona.

Ila hesabu ya misukule haiwezi kukimbia kama ya mazombi. Msukule haambukizi. Kila mmoja ana jina, ana msiba uliokaliwa, ana mama anayemlilia. Ukitaka misukule mia unahitaji makaburi mia, na kijijini makaburi yanajulikana.

Kinachoambukiza ni tuhuma. Mtoto anakufa, familia inakwenda kwa mganga, mganga anaelekeza kwa bibi fulani, bibi anakatwa mapanga usiku. Kifo kimoja kimezaa cha pili. Mtoto mwingine akifa, safari inaanza upya, maana malaria haikuondoka na yule bibi. Mtafiti Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeandika sana juu ya Usukumani, anaonyesha takwimu za serikali: kati ya 1970 na 1984, zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Karibu theluthi mbili waliuawa Usukumani, yaani Mwanza (Geita ikiwa ndani yake) na Shinyanga, na wengi wao ni wanawake. Ni miaka ile ile ya Operesheni Vijiji, watu waliozoea kuishi mbalimbali wakasogezwa mlango kwa mlango, kila mmoja akisikia kikohozi cha mwenzake.

Na alama ya mchawi ilikuwa nini? Macho mekundu. Hapa ndipo historia inaponiudhi. Miti ya Shinyanga ilifyekwa enzi za mkoloni ili kufukuza mbung'o, kisha mashamba ya pamba yakamaliza iliyobaki. Hali ilifikia mahali Mwalimu Nyerere akauita mkoa huu jangwa la Tanzania, na mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI kurudisha miti na ngitili. Kabla ya hapo, na baada pia, mwanamke asiye na kuni alipikia mabua ya pamba na samadi ya ng'ombe, miaka hamsini ndani ya moshi. Macho yatakosaje kuwa mekundu?

Bibi yangu mzaa baba alihamia kwetu Shinyanga mjini nikiwa darasa la tatu. Tuliambiwa anakuja kutibiwa miguu. Mwaka jana ndipo baba aliponieleza kwamba jirani alifiwa na watoto wawili mfululizo, na mtu akaja usiku kumnong'oneza baba amwondoe mama yake kabla ya mwisho wa wiki. Alimbeba kwenye baiskeli.

Kwetu alipikia jiko la mkaa, nje, chini ya mwarobaini. Baada ya muda macho yake yalipungua wekundu. Kijijini hakurudi tena, hata kuzika.