Kamera Mikononi mwa Wanawake: Habari ya Uongozi Itazamwapo kutoka Kilolo

Aitazamaye ramani ya Mkoa wa Iringa ataiona Wilaya ya Kilolo, iliyomegwa kutoka Iringa Vijijini mwaka 2002, imelala upande wa mashariki juu ya safu ya Udzungwa, ikianzia Ruaha Mbuyuni kwenye joto na vitunguu, ikaupanda mlima wa Kitonga kwa kona zake ziwaogofyazo madereva wa malori, ikapita Ilula penye nyanya na Lugalo penye historia, hata ikafika Dabaga na Kilolo yenyewe, ambako ukungu wa asubuhi hukawia kuondoka juu ya mashamba ya chai. Wakati wa mvua ni nchi ya ulanzi: chipukizi la mwanzi hukatwa ncha asubuhi na jioni, likainamishwa ndani ya mbeta, nayo maji yake yakadondoka usiku kucha, matamu yakinywewa mapema na makali yakiachwa siku mbili, na kule kwenye vilabu wauzaji aghalabu ni wanawake, ambao kwa mapato hayo hununua madaftari na sare za watoto. Lakini kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam, ambao hawajapata kuupanda mlima wa Kitonga, nchi hii na mkoa wake wote hujulikana kwa jambo jingine, nalo ni kwamba huko ndiko watokako wasichana wa kazi.

Taswira ya msichana huyo wa kazi, ambayo michezo ya runinga na filamu za mjini zimeikariri hata ikazoeleka, humwonyesha binti aliyefunga kitambaa ovyo, mwenye matamshi ya kuwachekesha watazamaji na asiye na habari ya jiko la gesi. Na ni nadra mno kumpa jina la ukoo wake, au sababu iliyomtoa kwao, au neno la kusema juu ya ujira wake. Siwatuhumu wasanii kwa nia mbaya. Nasema tu kwamba taswira huzaliwa na mtu aliyesimama nyuma ya kamera, na juu yake na mtu aliyekalia kiti cha kuamua ni habari ya nani itakayopigwa picha na ya nani itakayoachwa, na kwamba kwa muda mrefu sana viti hivyo havikukaliwa na wanawake, sembuse wanawake waliotoka vijijini. Kwa sababu hiyo historia ya wanawake walioongoza vyama vya wenzao katika habari, redio, televisheni na filamu nchini mwetu yastahili kutazamwa kutoka huku milimani, maana huku ndiko idhihirikapo vema ilipofika na ilipokomea.

Sinema ya kutengenezwa kwa ajili ya Waafrika ilianza Tanganyika chini ya uongozi wa wanaume na wageni. Mwaka 1935 Meja L. A. Notcutt na G. C. Latham, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani na kwa himaya ya wamisionari na Ofisi ya Makoloni, walipiga kambi Vugiri katika milima ya Usambara, na kabla ya kazi yao kukoma mwaka 1937 walikuwa wamekwisha kutoa filamu 35 juu ya kodi, akiba ya posta, kilimo na malaria ya watoto wachanga. Wanawake walikuwamo katika filamu hizo kama mama wa kufundishwa namna ya kulea, yaani walionekana lakini hawakuamua. Yaliyofuata miaka ya 1950 yalikuwa na nuru zaidi, kwa kuwa kijana Rashidi Kawawa, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu, aliigiza katika Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, na Waafrika wakajiona wakizungumza Kiswahili kwenye pazia jeupe. Hata hivyo hatamu za kazi zilibaki kwa kampuni ya wageni.

Baada ya Uhuru serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968 na Taasisi ya Sauti na Picha mwaka 1974, na kutoka zama hizo tuna kazi kama Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, ambamo Amandina Lihamba, mwanachuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alidhihirisha kwamba mwanamke aweza kuibeba hadithi nzima kwa uso wake. Lihamba ndiye ambaye mwaka 1996, pamoja na Penina Mlama, alianzisha mpango wa TUSEME, uliowafundisha wasichana wa shule za sekondari kuyachunguza matatizo yao wenyewe na kuyatoa hadharani kwa njia ya maigizo. Nami nauhesabu mpango huo kuwa miongoni mwa shule adhimu za uongozi tulizopata kuwa nazo, ijapokuwa haukuitwa hivyo.

Televisheni ilichelewa. Zanzibar iliipata mwaka 1973, tena ya rangi, wakati ambapo Bara iliihesabu kuwa anasa isiyoifaa nchi maskini, na hadi mwaka 1994 ndipo vituo vya kwanza vya Bara vilipoanza kurusha matangazo. Kuchelewa huko kulikuwa na athari ambayo watu hawaizingatii: wanawake waliokuja kuwaongoza wenzao katika taaluma ya picha walilelewa kwanza na redio, chombo kisichoonyesha sura wala mavazi, ambamo msikilizaji wa Dabaga na msikilizaji wa Upanga walimpima mtangazaji kwa usahihi wa maneno yake tu. Edda Sanga, ambaye sauti yake iliingia majumbani mwetu kupitia Redio Tanzania kwa miaka mingi, ni zao la malezi hayo, na hadhi aliyokuja nayo kwenye uongozi hakupewa na mtu, bali aliichuma mbele ya kipaza sauti.

Mwaka 1979 wanawake wachache wa kazi ya habari walikusanyika wakatengeneza vipindi vya redio kuhusu masaibu ya wanawake, likiwamo suala la wasichana wa shule kupata mimba na kufukuzwa masomoni, jambo lililowagusa wazazi wa kila kijiji. Kikundi kile hakikudumu, kwa maana kilikuwa ndani ya nyumba za waajiri, hakina ofisi, hakina fungu la fedha, na hakina sheria ya kukilinda. Wenyewe hawakukata tamaa. Baada ya Mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Wanawake uliofanyika Nairobi mwaka 1985, ambao uliwakutanisha wanawake wa Afrika Mashariki na wenzao wa dunia nzima, ari ilirudi, na mwaka 1987 Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, yaani TAMWA, kikaandikishwa rasmi, Fatma Alloo akitangulia kukiongoza, na pamoja naye wakiwamo Edda Sanga, Leila Sheikh, Ananilea Nkya, Rose Haji, Pili Mtambalike, Halima Shariff na wenzao wengine.

Hapa yafaa kutua kidogo, kwa kuwa jambo la kwanza walilolifanya viongozi wale ladhihirisha busara yao. Hawakuanza kwa kuomba vyeo katika magazeti ya wengine. Walianzisha jarida lao wenyewe mwaka 1988, wakaliita Sauti ya Siti kwa kumwenzi Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyezaliwa katika hali duni na ambaye mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay, akarekodi taarabu kwa Kiswahili na kuivika lugha hii taji. Kwa uteuzi wa jina hilo walitangaza kwamba ukoo wao wa kazi unaanzia kwa mwanamke wa hapa petu, maskini, mwenye sauti, wala hauanzii ng'ambo. Na kwa kuwa mwenye jarida ndiye mwenye kuamua ukurasa wa mbele, mambo ambayo wahariri wanaume waliyaita ya nyumbani, kama vile kipigo cha mume, ubakaji na ukeketaji, yakapata pahali pa heshima na uchunguzi wa makini.

Uongozi huo ulikuwa na hatari zake, nao waliokuwa kwenye hatamu walizijua. Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, likiongozwa na Anna Tibaijuka, lilikuwa limeanza kuvuta watu wengi katikati ya miaka ya 1990, na serikali ikalisimamisha na hatimaye kulifutia usajili mwaka 1997. TAMWA ilisalimika, na kwa maoni yangu haikusalimika kwa woga, bali kwa sababu silaha yake ilikuwa ithibati: waandishi wake walikwenda, wakahoji, wakaandika, wakachapisha kwa mpigo katika vyombo mbalimbali, hata ikawa vigumu kumnyamazisha mmoja ilhali kumi wanasema jambo lile lile siku ile ile. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, iliyoweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji, ilipitishwa baada ya kampeni ya muda mrefu ambayo chama hiki kilikuwa miongoni mwa waliosimama safu ya mbele.

La pili la kusifiwa ni namna kiti kilivyopokezanwa. Vyama vingi vya nchi yetu vimekufa pamoja na waasisi wao, au vimegeuka milki ya mtu mmoja na jamaa zake. Katika TAMWA ukurugenzi umepita mikononi mwa Leila Sheikh, Ananilea Nkya, Valerie Msoka, Edda Sanga na Rose Reuben kwa zamu zao, na tawi la Zanzibar likapata uongozi wake chini ya Mzuri Issa; na waliotoka hawakukaa nyumbani kuinung'unikia ofisi mpya, walikwenda kuongoza kwingine. Rose Haji aliiongoza taasisi ya kutetea uhuru wa habari, Pili Mtambalike akafanya kazi katika Baraza la Habari, na Fatma Alloo akawa miongoni mwa waasisi wa Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi, ambalo lilifunguliwa kwa mara ya kwanza Ngome Kongwe, Zanzibar, mwaka 1998, na ambalo lilitenga nafasi maalumu kwa ajili ya wanawake na filamu, hata kupeleka maonyesho vijijini Unguja na Pemba. Hivyo ndivyo chama cha habari kilivyozaa matunda katika filamu.

Kwingineko wanawake wa filamu walijipanga kwa njia nyingine. Los Angeles chama chao kilianzishwa mwaka 1973 na Tichi Wilkerson Kassell, mmiliki wa gazeti la biashara ya sinema, kwa hiyo kilianzia penye nguvu. Afrika ilianzia penye upungufu: mwaka 1991 wanawake wa filamu wa bara hili walikutana Ouagadougou, wakati wa tamasha kubwa la FESPACO, kuzungumza juu ya mafunzo, fedha na usambazaji, mambo matatu ambayo hadi leo ndiyo kizingiti. Mwaka uliofuata Anne Mungai wa Kenya alitoa Saikati, hadithi ya binti wa Kimasai anayekimbia ndoa ya kulazimishwa na kuufuata mji wa Nairobi, ambako anakuta kwamba kazi aliyoahidiwa na binamu yake si kazi ya heshima. Huku kwetu Flora M'mbugu-Schelling, katika miaka hiyo hiyo, aliipeleka kamera yake kwenye machimbo ya mawe karibu na Dar es Salaam, akawapiga picha wanawake wakimbizi kutoka Msumbiji wakiponda kokoto kwa nyundo, bila msimulizi wa kuwaeleza watazamaji wawaze nini. Kamera imetulia, nyundo inapanda na kushuka, na mtazamaji anaachiwa mikono ile. Filamu hiyo, These Hands, ndiyo ninayoitamani kuiona ikionyeshwa Ilula, sokoni, siku ya gulio, mbele ya kina mama wanaopanga nyanya kwenye matenga.

Maana yaliyofika Kilolo kwa wingi yalikuwa mengine. Katika miaka ya 2000, kabla ya umeme kuenea vijijini, filamu zilionyeshwa kwa jenereta katika vibanda ambavyo vijana huviita vibanda umiza, nyingi zikiwa za vita na mapigano kutoka ng'ambo, zikifasiriwa kwa Kiswahili na watu mashuhuri kama Lufufu, ambaye sauti yake ilijulikana kuliko sura ya mwigizaji yeyote. Vilikuwa vibanda vya wanaume. Mama mwenye staha hakuketi humo usiku, na binti aliyeonekana akitoka humo alisemwa. Kwa hiyo hata pale sinema ilipofika, nusu ya watu wa kijiji hawakuwa watazamaji wake.

Liko jambo moja lakini linalonipa faraja, nalo latoka ndani ya mipaka ya wilaya hii. Pale Lugalo, kando ya barabara kuu, upo mnara uliojengwa na Wajerumani kuwakumbuka wenzao waliouawa tarehe 17 Agosti 1891, wakati jeshi la Mtwa Mkwawa wa Wahehe lilipolivamia na kulishinda jeshi la Emil von Zelewski. Mwenye kushindwa ndiye aliyeandika jiwe. Zaidi ya miaka mia moja baadaye mwanamke wa Kitanzania, Seko Shamte, alitengeneza filamu ya kumbukumbu Mkwawa: Shujaa wa Mashujaa, akaisimulia vita ile kwa upande wa wenyeji, kisha mwaka 2021 akaongoza Binti, filamu ya maisha ya wanawake wanne wa Dar es Salaam, iliyotayarishwa na akina dada Angela na Alinda Ruhinda na kupokelewa na Netflix. Habari ya vita na wafalme, ambayo kwa desturi ilihesabiwa kuwa ya wazee wa kiume, imekwisha kuongozwa na mwanamke kutoka nyuma ya kamera.

Kilichobaki ni ule uongozi uliokwisha kufanya makubwa Dar es Salaam na Unguja upande mlima wa Kitonga. Wasichana wa Ilula na Dabaga sasa wanazo simu zenye kamera ambayo Notcutt angeistaajabia. Hawana mwalimu wa kuwafunza kukata picha na kupanga sauti, hawana mkopo wa kununulia vifaa, na hawana mtu wa kuwapokea kituoni wakifika na kazi yao mkononi. Vyama vya wanawake wa habari na filamu vina walimu hao, vina majina yanayofungua milango ya vituo, na vina uzoefu wa miaka karibu arobaini wa kupokezana kiti bila kukivunja. Mafunzo ya mwezi mmoja yangeweza kuanza katika shule yoyote ya sekondari ya wilaya wakati wa likizo ya Juni, kabla dalali hajaja kuwachukua wasichana kwenda mjini, na kazi ya kwanza kwa kila mmoja iwe kumhoji dada au shangazi yake aliyepata kufanya kazi za nyumbani Dar es Salaam, kwa jina lake iwapo mwenyewe ataridhia, na kwa matamshi yake ya Kihehe bila kuyasahihisha.