Uwanja wa Watu Wote: Habari za Ufuo wa Chicago

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza habari za mji wa Chicago, katika nchi ya Marekani, na jinsi watu wake walivyopata mahali pa kucheza, pa kusikiliza muziki na pa kupunga hewa. Mji huu umejengwa kando ya Ziwa Michigan, ziwa kubwa lenye maji matamu, na ardhi ya ufuoni ina thamani kubwa mno. Huenda mtu akauliza: Ilikuwaje basi matajiri wasiijaze majumba yao?

Chanzo chake ni maneno machache. Mwaka 1836, wasimamizi wa kazi ya kuchimba mfereji walipima viwanja vya kuuza ili wapate fedha. Kipande kimoja cha ufuo hawakukiuza, bali waliandika katika ramani yao kwamba ni cha watu wote, nacho kikae wazi daima, pasipo jengo wala kizuizi.

Lakini maneno yaliyoandikwa hayawezi kujilinda yenyewe. Mwaka 1871 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mji. Watu kama 300 walikufa, na wapatao 100,000 walikosa makao. Kifusi kikatupwa ziwani, na hivyo nchi kavu ikaongezeka. Baadaye mahali pale pakajaa takataka na mabanda, na wakubwa wa mji wakapatamani kwa kujenga.

Ndipo alipotokea Aaron Montgomery Ward, mfanyabiashara aliyetajirika kwa kuuza bidhaa kwa njia ya posta. Mwaka 1890 alikwenda mahakamani kudai kwamba maneno ya ramani yatimizwe, na kesi zake hazikwisha hata mwaka 1911. Mara nne mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Illinois ilimpa haki. Wengi walimlaumu kuwa adui wa maendeleo, maana alikataza hata jumba la makumbusho, Field Museum, lisijengwe pale. Jumba hilo lilijengwa kusini zaidi, likafunguliwa mwaka 1921. Na karibu nalo, mwaka 1924, ukafunguliwa uwanja wa michezo uitwao Soldier Field. Jengo kubwa aliloliacha lisimame ni Art Institute, nyumba ya picha na sanamu iliyofunguliwa mwaka 1893. Uwanja aliouokoa waitwa Grant Park, na tangu mwaka 1935 muziki umepigwa humo wakati wa joto, watu wakisikiliza bila malipo.

Hata hivyo, mahali pasipo ukuta paweza kuwa na mpaka usioonekana. Tarehe 27 Julai 1919, siku ya jua kali, Eugene Williams, kijana mweusi wa miaka 17, alikuwa majini pamoja na wenzake karibu na mtaa wa 29. Chelezo chao kilisukumwa na maji kikaelekea upande ambao Wazungu waliuhesabu kuwa wao. Mzungu mmoja aliwatupia mawe, na kijana yule akazama akafa. Hapakuwa na sheria iliyougawa ufuo ule. Ilikuwa desturi tu. Polisi aliyekuwapo hakumkamata mtupa mawe, na fujo ikaenea mjini kwa siku kadhaa, hata watu 38 wakauawa: weusi 23 na weupe 15. Miaka mingi ilipita. Kisha, mwaka 1960 na 1961, weusi kwa weupe walikwenda pamoja kuoga katika ufuo wa Rainbow Beach, ili kuonyesha kwamba maji yale ni ya kila mtu.

Siku hizi njia ya waendao kwa miguu na kwa baisikeli hufuata ufuo kwa maili 18 hivi, wala haina kiingilio. Twaona basi kwamba mali ya wote yahitaji kulindwa mara mbili: mwenye nguvu asiinyakue, na mnyonge asifukuzwe humo. Ward alitimiza sehemu ya kwanza ya kazi hiyo. Ya pili ilitimizwa na wale walioingia majini.