Bahari ya Unyamwezi

Mwaka 1855 wamisionari Erhardt na Rebmann walichora ramani ya nchi za bara ambazo wao wenyewe hawakupata kuzifikia. Erhardt alikuwa amekaa Tanga mwaka 1854, akiwauliza watu wa misafara habari za njia. Katikati ya ramani ile lilikuwamo ziwa moja kubwa ajabu, mfano wa konokono asiye na gamba, nalo likaitwa Bahari ya Unyamwezi. Jina la nchi kavu likawa jina la maji!

Wengi waliwacheka. Lakini wasafiri wale hawakusema uongo. Aliyetoka Kilwa aliyakuta maji. Aliyepita Unyamwezi hata Ujiji aliyakuta vilevile. Kosa lilikuwa la waliounganisha.

Tarehe 7 Novemba 1857 Burton na Speke walifika Kaze, karibu na Tabora ya leo. Huko Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu, aliwaambia kwamba maziwa ni mbalimbali, tena la kaskazini lapita la Ujiji kwa ukubwa. Tarehe 3 Agosti 1858 Speke aliliona. Alipopima kimo kwa joto la maji yachemkayo, Nyanza ilionekana juu sana kuliko Tanganyika. Kwa vipimo vya sasa tofauti yapita mita 350. Maji ya ziwa moja hayakai ngazi mbili.

Ghuba ya Speke imo ramanini. Ya Snay hatujaiona. Na Speke naye, kaskazini ya Tanganyika, alichora milima kama mwezi mchanga, akaiita Milima ya Mwezi.